Mshika Mikono wa Thieta

Ngozi yangu ndiyo iliyostaafu kwanza, mimi nikaifuata. Kunawa kwa sabuni ya thieta, chumba cha upasuaji, kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, mwishowe viganja vikakataa. Vikapasuka kama udongo wa kiangazi, vikatoa majimaji, vikawasha hata nikiwa nimelala. Daktari wa ngozi aliviangalia akasema, "Chagua. Mikono ama kazi." Nikachagua mikono, maana bado nina ndoto nyingi za kushika nayo. Kwa hivyo nimestaafu kabla sijafika miaka thelathini na tano, na askari wa getini akiniona nikipita na sweta yangu ananiita Mzee Mstaafu, ingawa mimi ni mwanamke. Naitikia.

Sista Ntinyari, msimamizi wa thieta, ndiye aliyeniambia niandike. Alisema nyinyi mnaoingia thieta sasa mnajua mambo mengi ya kwenye simu lakini hamjui kushika mkono wa mtu. Mimi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, kwa sababu hata zenyewe hazikukaa kwangu sana.

Niliingia hospitali yetu ndogo kama mfagiaji. Shule niliachia kidato cha pili, na nilikuwa nataka kuwa rubani. Uwanja wa ndege uko hapa hapa Isiolo, basi niliona nusu ya safari imeshaisha. Wakati nangoja hiyo nusu nyingine, nilipewa ndoo na ufagio.

Siku yangu ya kwanza kuvuka ule mstari mwekundu wa mlangoni mwa thieta sikuitwa kwa akili. Kuna meza nyembamba inayochomekwa kando ya kitanda ili mgonjwa alaze mkono wake juu yake. Skrubu ya meza hiyo ilikuwa imeisha meno, ukiigusa inainama. Mgonjwa alikuwa tayari ameshadungwa sindano ya ganzi. Sista Ntinyari akatoa kichwa nje akaniona.

"Wewe wa ufagio. Unaweza kukaa bila kutikisika?"

"Naweza."

"Bila kuongea?"

Nikafikiria kidogo. "Naweza kujaribu."

Akanifundisha kunawa mpaka kwenye viwiko, akanivalisha gauni na glavu, akanikabidhi mkono wa mtu. Usidhani mkono ni mwepesi. Mkono uliolala usingizi wa ganzi ni mzito kuliko mtoto, na unateleza kwa dawa. Nilijifunza siku ile kwamba ukibana unachoka haraka na unamwachia mgonjwa alama. Inatakiwa uweke viganja chini yake kama unapokea kitu, viwiko vyako mwenyewe uvibane mbavuni, halafu upumue. Skrubu ilikuja kutengenezwa baadaye, lakini Daktari Wario akasema amenizoea. Alisema meza haijui mtu akianza kutetemeka.

Daktari Wario ni mpasuaji, mtu wa Garbatulla, na maneno yake ni kama mvua ya huko: machache, na yakija unatega ndoo. Wengine wakienda chai, yeye hukaa na kunifundisha, kwa sababu hapendi kushikiwa mkono na mtu asiyejua anashika nini. Somo la kwanza lilikuwa la soksi. Alinibandika uzi mweupe kwa plasta upande wa ndani wa mkono, kutoka kwapani kushuka hadi kigashani, yaani hii sehemu ya kutoka kiwiko hadi kifundo. Juu yake akanivalisha soksi ndefu ya wasichana wa shule, aliyoikata ncha.

"Soksi ni ngozi. Uzi ni neva," akasema. Mkono wangu ukiwa umenyooka, akachora alama kwenye soksi, sawasawa na pale uzi ulipokuwa. "Sasa kunja."

Nikakunja. Alama ikahama upana wa kidole, uzi ukabaki na njia yake.

"Umeona? Ngozi inatembea. Ukichora mkono umenyooka halafu ukakata umekunjwa, umejichorea uongo."

Tangu siku hiyo sijawahi kuona mkono unachorwa pale kwetu kabla haujalazwa vile vile utakavyokatwa. Hilo ndilo la kwanza kwenu, na limenigharimu soksi moja tu.

La pili ni hizo neva zenyewe, yaani mishipa ya fahamu. Kigasha kina neva zake za ngozi. Ya ndani ni ya upande wa kidole kidogo, ya nje ni ya upande wa kidole gumba, na nyingine inashika mgongo wa kigasha. Ya ndani inashuka na mshipa wa damu bega kwa bega, na karibu na kiwiko inajigawa. Matawi mengine yanapita mbele, mengine yanavuka kwenda nyuma ya kiwiko, na kila mtu ana mahali pake pa kuvukia. Ya nje inachomoza kando ya ile kano ngumu unayoishika ukikunja mkono, karibu na mshipa ambao watu wa maabara wanaupenda kwa kutoa damu. Neva hizi haziinui kitu, hazifungi ngumi. Kazi yake ni kusikia tu: joto, baridi, mwiba, nzi.

"Neva kubwa kila mpasuaji anaiogopa," Daktari Wario alikuwa akisema. "Hii ndogo haina wa kuiogopa. Ndiyo maana inakatwa."

Nilikuja kujua maana ya kukatwa kwake kwa Kirimi, mwuzaji wa miraa, kijana mcheshi sana. Alikuwa ameondolewa uvimbe wa mafuta upande wa nje wa kigasha, mahali pengine, hakusema wapi na sisi hatukuuliza. Kovu lilikuwa zuri, jembamba kama mstari wa kalamu. Lakini alikuja na mkono mmoja wa shati umekunjwa mpaka juu, asubuhi ya baridi ambayo hata askari alikuwa amejifunga blanketi.

"Kitambaa kikigusa hapa," akasema, akionyesha bila kugusa, "ni kama umeme. Bibi yangu akinishika mkono naruka. Sasa anafikiri nina mwingine."

Sista Ntinyari akacheka mpaka akageukia ukuta, halafu akageuka tena na macho ya huruma. Daktari alinieleza baadaye. Neva ikikatwa, ncha yake inatafuta mahali pa kwenda. Ikikosa, inajifunga fundo ndani ya kovu, na fundo hilo linapiga kelele likiguswa. Kirimi alifunguliwa tena, fundo likakatwa, na ncha ikafichwa ndani ya nyama, mbali na ngozi. Alipata nafuu. Mkono wa shati aliendelea kuukunja mpaka leo, sijui ni uchungu ama ni mazoea, na bibi yake simjui nikamuulize.

Vyombo vyetu vya kutafuta neva ni vichache, vijueni. Mkasi wenye ncha butu, ambao hautumiki kukata bali kufungua: unaingizwa umefungwa, unafunguliwa polepole kufuata urefu wa mkono, kamwe si kukingama. Neva zinakimbia kwa urefu, kwa hivyo ukifungua kwa urefu zinakupisha. Utepe laini wa mpira, wa kuzungushia neva ukishaipata, ili kila mtu aione na asiisahau. Utepe huo hauvutwi. Unalala tu. Kuna chuma cha umeme cha kuchoma mishipa inayotoa damu, ambacho ni rafiki mzuri mpaka asogee karibu na neva. Na kuna pamba, kipande kidogo kilichosokotwa ncha, ambacho ndicho kilichokuwa changu.

Pamba ilikuwa ya ramani. Kabla ya mtu kupasuliwa mkono, nilikaa naye wodini, anafunga macho, namgusa huku na huku. Akisikia anasema ndiyo. Asiposikia anakaa kimya. Naweka nukta za wino, bluu kwa penye uhai na nyekundu kwa penye ganzi. Daktari hakubali kushika kisu bila ramani. Alisema usipojua mtu amekuja na nini, hutajua umemrudishia nini.

Nikaipenda kazi hiyo. Watu wakifunga macho wanakuwa wapole.

Sasa nifike kwa Mama Qabale, kwa sababu yeye ndiye Sista alitaka nimwandike.

Mama Qabale ni mwuzaji wa maziwa ya ngamia. Kwao ni upande wa Korbesa, lakini amekaa mjini muda mrefu, anapokea maziwa yanayoletwa kutoka malishoni na kuyauza na binti yake, Dhaki. Alikuja kwetu kidole kidogo na jirani yake vimekufa ganzi, na mkono wa kulia unaachilia vitu. Alikuwa ameangusha mtungi mzima wa maziwa mbele ya wateja.

"Mkono yangu imekuwa kama ya mtu mwingine," alisema. "Naiambia shika, inafikiria kwanza."

Daktari alibonyeza nyuma ya kile kifundo cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko, pale ukijigonga unaruka, naye akaruka. Neva kubwa inayopita pale ilikuwa imebanwa. Dawa yake ni kufungua njia yake. Lakini njia hiyo ukiifungua, unakata ngozi mahali hasa ambapo yale matawi madogo ya neva ya ndani yanavuka kwenda nyuma.

Nikaja na pamba yangu. Mama Qabale akafunga macho, ametulia kama mtu anayeswali. Nikamgusa juu ya kiwiko.

"Ndiyo," akasema.

Chini ya kiwiko. "Ndiyo." Kifundoni. "Ndiyo." Sauti tamu, moja kwa moja, kama mtu anayehesabu mbuzi wake mwenyewe. Nilifurahi sana, bluu tupu, nilikuwa sijawahi kupata ramani safi namna hiyo. Nikagusa kidole kidogo.

"Ndiyo."

Mkono wangu ukasimama. Kidole kidogo ndicho kilichomleta. Nikainua pamba hewani, sikumgusa popote, nikangoja.

"Ndiyo," akasema Mama Qabale.

"Mama, hapo sijakugusa."

Akafungua jicho moja. "Najua, mwanangu."

"Kwa nini sasa umesema ndiyo?"

"Umekuja kwangu kwa upole, umepiga magoti, unaniuliza. Nikunyamazie?"

Dhaki, aliyekuwa amekaa mwisho wa kitanda, akajifunika uso kwa mtandio akicheka. "Dada, usichoke bure. Huyu hawezi kumwambia mtu hapana. Hata mwenye nyumba akija kuongeza kodi anasema ndiyo, halafu mimi ndiyo naenda kugombana."

Nikampelekea daktari mkono wote wa bluu. Aliuangalia, akacheka mpaka mabega yakatikisika, jambo ambalo sijaliona mara nyingi.

"Mama yangu mzazi ni huyu huyu," akasema. "Muulize kama ameshiba, ameshiba, na chakula hakijafika." Halafu akavuta kiti. "Mama, huu mkono unaufanyia nini? Si kushika. Hii ngozi."

Mama Qabale akashangaa kwamba kuna mtu hajui. Chombo cha maziwa, alieleza, kinafukizwa kwanza. Unaingiza kijinga cha moto cha mti wenye harufu nzuri, unatikisa, unafunika, moshi unashika ndani. Hapo maziwa yanakaa na yananukia. Lakini chombo kikiwa bado na joto ukamimina, maziwa yanapata harufu ya kuungua, na mteja akionja mara moja harudi. Kikipoa kabisa moshi nao umekwenda. Kuna saa yake katikati.

"Na saa hiyo unaijuaje?"

Akageuza mkono wa kulia, akatuonyesha ukingo wa ndani wa kigasha, chini kidogo ya kiwiko, kuelekea nyuma. "Kiganja imekufa na kamba ya kuvutia maji tangu nikiwa msichana. Vidole ndiyo hivyo. Hii ngozi hapa ndiyo macho yangu."

Daktari Wario akainama. Aliangalia pale alipoonyesha, halafu akaniangalia mimi, na mimi nikaelewa, kwa sababu ya ile soksi. Uzi unaovuka kiwikoni ndio unaokwenda pale.

Mama Qabale naye aliona tunavyoangaliana. "Itakufa?" akauliza.

"Inaweza. Nikikosea kidogo tu," akasema daktari. "Ukibaki bila kupasuliwa, mkono utazidi kuisha nguvu. Ukipasuliwa na nikagusa lile tawi, utashika mtungi vizuri lakini hutajua kama una moto."

"Basi usiguse."

"Ndiyo, mama," akasema daktari.

Siku hiyo hatukukata. Daktari alisogeza zamu ya Mama Qabale, Sista Ntinyari akanung'unika kwa sababu alikuwa amechemsha vyombo vyote, na Dhaki akatumwa nyumbani kuleta gorfa, kile chombo chao cha kusuka cha maziwa, na vijinga. Wakawasha moto nyuma ya jikoni. Moshi ukaingia wodi ya wanaume, askari akaja mbio na rungu.

"Mnachoma hospitali?"

"Tunapima neva," Sista akamwambia.

Askari akaangalia moto, akaangalia chombo, akaangalia mimi na kalamu yangu. "Haya. Mimi niliacha shule darasa la saba."

Daktari alininong'oneza, "Usimuulize chochote. Kaa kimya uangalie." Na kweli, bila kuulizwa, Mama Qabale alikuwa mtu mwingine. Alichukua chombo, akakiviringisha juu ya kigasha kutoka kifundoni kupanda juu, uso umekunjamana. Sehemu nyingine akapita haraka, kama mtu anayepita nyumba isiyo na watu. Alipofika chini ya kiwiko akasimama, akakibonyeza pale, akarudi nyuma kidogo, akabonyeza tena. "Bado," akamwambia Dhaki. Kila aliposimama niliweka bluu, kila alipopita niliweka nyekundu. Kile kipande cha bluu kilikuwa kidogo, chatosha kuwekewa kijiko. Ndiyo ilikuwa ramani ya kweli, na ilinuka moshi.

Siku ya kupasuliwa alidungwa ganzi ya kwapani, akalazwa macho wazi, pazia limemkinga asione. Tuliukunja mkono, tukaugeuza kiganja juu, kisha ndipo daktari akachora. Mkanda wa kubana ukafungwa juu ili damu isifiche kitu. Mimi nikapokea mkono. Glavu zilikuwa zinachoma mipasuko ya viganja vyangu kama chumvi, lakini hilo lilikuwa la kila siku.

Daktari alikata ngozi tu, akasimama. Hapo ndipo pa kusimama, wadogo zangu. Chini ya ngozi kuna mafuta ya manjano, na ndani ya mafuta hayo neva inafanana na uzi mweupe uliolowa. Mwenye haraka anaona mafuta. Akaingiza mkasi butu, akafungua kwa urefu, akafunga, akafungua. Tawi la kwanza likajitokeza chini ya kile kifundo cha mfupa, halikujificha hata. Likavishwa utepe.

Nikashusha pumzi. Yeye hakushusha.

"Hili linakwenda mbele mno," akasema. "La chombo si hili."

Akapanda juu kidogo, pale mshipa wa damu ulipokuwa. Nyuma ya mshipa kulikuwa na kitu kama kivuli. Akafungua polepole, na kijishipa kimoja kikavuja, damu iliyobaki mkononi ikajaa kile kishimo chote. Sista tayari alikuwa ameinua chuma cha umeme, kwa sababu miaka yote kinachofuata ni kuchoma.

"Ngoja," akasema daktari.

Akaweka shashi, akabonyeza kwa kidole. Tukangoja. Kubana kwa koleo kitu usichokiona, ama kukichoma, ndiko kunakoua tawi. Kungoja hakujaua tawi lolote. Nilihisi mkono unanielemea, nikabana viwiko mbavuni kama nilivyofundishwa siku ya ufagio.

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikasema, "Mbona mmenyamaza? Mnachinja ama mnaomba?"

"Tunatafuta macho yako, mama," daktari akajibu.

"Tafuteni. Mimi niko."

Akainua shashi. Damu ilikuwa imesimama. Na hapo, nyuma ya mshipa, ukaonekana uzi mwembamba kuliko wa kwanza, unavuka mstari wa kukatwa mshazari, unaelekea nyuma na chini, hasa kwenye nukta zangu za bluu. Sista Ntinyari akarudisha chuma mezani. Utepe ukazungushwa, ukalazwa. Baada ya hapo neva kubwa ilifunguliwa njia yake vizuri, lakini sikumbuki sana sehemu hiyo. Macho yangu yalikuwa kwenye ule uzi. Wakati wa kushona daktari alipitisha sindano juu juu, akiangalia kila mshono usije ukalinasa tawi wakati wa kutoka, maana wapo wanaolilinda safari nzima halafu wakalishona mlangoni.

Kesho yake nilipita wodini. "Unasikia hapa, mama?"

"Ndiyo," akasema, akitabasamu.

Mlivyokwisha kumjua, jibu hilo mnajua thamani yake.

Nguvu za mkono zilianza kurudi, kidole kidogo kikaanza kuwasha, dalili njema. Lakini siku ya kutazamwa kidonda tena alikuja na shavu la kushoto limepakaa masizi. Nikadhani ni bahati mbaya. Mara iliyofuata, masizi tena, pale pale. Dhaki akatuambia, mama yake akiangalia dirishani.

"Mkono hausikii. Maziwa yameungua harufu siku mbili, mwenye hoteli akarudisha. Wa kushoto haukuzoea kazi hiyo, sasa anapima kwa shavu. Wateja wanamuuliza kama anafukiza vyombo ama anajifukiza mwenyewe."

"Mama, mbona ulisema unasikia?" nikamuuliza.

"Nyinyi mlifanya kazi kwa moyo," akasema. "Nitawaambia nini?"

Daktari Wario alivuta kiti, akakaa chini ya macho yake, siyo juu. Akamwambia kwamba lile tawi liliguswa na kusogezwa, halikukatwa. Aliliona zima kwa macho yake kabla ya kufunga. Neva iliyosogezwa inaweza kulala. Mara nyingi inaamka. Lini, yeye hajui, na kama hii itaamka, hilo pia hawezi kumwapia. Akamwagiza Dhaki amsugue kovu polepole kila siku kwa mafuta, na amguse kwa vitu tofauti, kitambaa, sufu, kijiko cha baridi, ili ngozi ikumbushwe. Kisha akaongeza kwa Kiborana maneno ambayo sikuyaelewa. Dhaki aliniambia baadaye: "Amemwomba amwambie ukweli, hata kama ni mbaya. Amesema mpasuaji anayeambiwa ndiyo kila mara atamharibu mtu wa kesho."

Miezi ikaenda hivyo. Mama Qabale alipita na masizi, nasi tukasalimiana na masizi. Viganja vyangu vikazidi, daktari wa ngozi akasema yale aliyosema, nami nikaanza kuhesabu vitu vyangu: viatu vya thieta, kikombe, ile soksi. Nilikuwa nina ndoto mpya, ya kuuza barafu ya maziwa ya ngamia yenye iliki pale karibu na stendi, na Dhaki alikuwa ameshakubali kuwa mshirika, ingawa alisema hesabu atashika yeye.

Siku yangu ya mwisho walinifanyia chai nyuma ya jikoni, kwa sababu ndani hapatoshi. Kabla mandazi hayajafika, Mama Qabale akaingia getini na Dhaki, na mtungi wa maziwa, na gorfa, na vijinga. Alisema mtu wa maziwa hastaafishwi kwa chai ya maziwa ya pakiti. Askari alimwashia moto mwenyewe, safari hii bila rungu.

Alikuwa amenisalimia, amenishika bega, na mimi nimeshamjibu, ndipo nikaona shavu lake. Lilikuwa safi.

Nilikumbuka: usimuulize, kaa kimya uangalie. Akafukiza, akatikisa, akafunika, akaweka chombo chini. Tukaongea mambo mengine. Daktari Wario alikuwa amesimama na kikombe kitupu, anaangalia mandazi yanavyokuja, ama anajifanya. Baada ya muda nikainama nikashika chombo kwa viganja vyangu hivi vilivyokufa.

"Imepoa, mama," nikasema. "Nimimine?"

Mama Qabale akakichukua kutoka mikononi mwangu. Akakunja mkono wa buibui, akakiviringisha juu ya kigasha, akapita kovu, akasimama chini ya kiwiko, akabonyeza.

"Hapana," akasema.

Daktari akageuka.

"Hapana, bado kidogo," akasema tena, bila hata kutuangalia, na akakiweka chini. Tukakaa tukangoja, vikombe mkononi.